Neno la Mwezi: "Privilege", na Dada Aliyenipigia Pasi

Neno la mwezi huu nilikuwa nimeshaliandaa, na lilikuwa jingine kabisa. Binti yangu ndiye aliyenibadilishia.

Ana miaka 15, yuko mwaka wa 10. Wenye watoto Uingereza mnajua kwamba kwenye GCSE ya Kiingereza kuna sehemu ya kuzungumza: mwanafunzi anaandaa hotuba fupi, anaitoa, halafu anaulizwa maswali. Yeye alichagua kuzungumzia "privilege". Jumapili jioni akaja jikoni na daftari, mimi nakaanga vitunguu.

"Mama, nataka nikuhoji. Nataka nieleze jinsi ulivyokulia Tanga bila privilege yoyote, mpaka ukafika huku."

Nikafurahi. Mzazi gani hapendi kuhojiwa na mwanawe? Nikamwaga yote. Nikamwambia habari za kandili umeme unapokatika, ndoo za maji ya bomba la mtaani, nguo mpya mara moja kwa mwaka, siku ya Idi. Nikafika kwenye sare ya shule. Nilikuwa na sketi moja tu ya marinda. Ilifuliwa jioni na kupigwa pasi ya mkaa alfajiri, na mimi nilikwenda shule marinda yamesimama.

"Ulikuwa unaamka alfajiri kupiga pasi?"

"Aa, mimi nilikuwa nimelala. Dada ndiye aliyekuwa anapiga."

"Dada yupi? Si wewe ndiye kifungua mimba?"

"Dada wa kazi."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu hivi. Mimi nilikuwa na kumi na mmoja."

"Yeye alisoma shule gani?"

Nikaanza kugeuza vitunguu.

"Jina lake nani, Mama?"

Wasomaji, sikuwa na jibu. Msichana yule alikaa kwetu miaka minne. Alimbeba mdogo wangu mgongoni na alikuwa anajua chakula ninachokipenda na nisichokipenda. Mimi nilimjua kwa jina la Dada tu. Binti yangu akaweka kalamu chini. Hakuwa na hasira, alikuwa anafikiri tu. Akasema, "Basi, Mama, kwenye hadithi hii mwenye privilege ni wewe."

Ndiyo maana leo tunalizungumza neno hili.

Limetoka wapi

"Privilege" asili yake ni Kilatini, maneno mawili yaliyounganishwa: "privus", yaani binafsi au mmoja mmoja, na "lex", yaani sheria. Kwa Warumi wa kale ilikuwa sheria inayomhusu mtu mmoja tu. Sheria hiyo iliweza kumbeba, na iliweza pia kumkandamiza. Baadaye maana ya kukandamiza ikapotea, ikabaki ya kubeba.

Mfano unaojulikana sana ni wa Ufaransa ya wafalme. Makabaila na viongozi wa kanisa walisamehewa kodi nyingi ambazo mkulima alilazimika kulipa. Wao hawakuita jambo hilo dhuluma. Lilikuwa limeandikwa, lina mhuri, na jina lake lilikuwa hilo hilo, privilege. Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789, mwanzoni mwa Mapinduzi, wabunge walikaa mpaka usiku mkubwa wakitangaza kuzifuta.

Kwa hiyo kwa karne nyingi neno hili lilihusu kitu ambacho ungeweza kuonyeshwa kwenye karatasi. Maana ya siku hizi ni ngumu zaidi kwa sababu karatasi hiyo haipo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwalimu mmoja Mmarekani, Peggy McIntosh, alikuwa akiwashangaa wanaume wenzake wa chuoni: walikubali kwamba wanawake wanabanwa, lakini hawakukubali kwamba wao wanaume wanabebwa. Halafu akajigeukia mwenyewe, mwanamke mweupe, akaanza kuorodhesha mambo madogo ya kila siku yanayomrahisikia yeye kuliko wenzake weusi. Anaingia dukani bila mtu kumfuata nyuma. Ananunua plasta ya "rangi ya ngozi", na rangi hiyo inafanana na ngozi yake. Kama jambo la plasta linaonekana dogo, kumbukeni kwamba hapa Uingereza Tesco walianza kuuza plasta zao za rangi mbalimbali za ngozi mwaka 2020. Kabla ya hapo tulibandika ya waridi kwenye magoti ya watoto wetu, na wala hatukulifikiria sana.

Linavyotumika

Wanafunzi, hapa ndipo penye mitego. Neno hili lina maana nne kubwa, na ukizichanganya utasema usichokusudia.

Ya kwanza ni heshima. "It's a privilege to be here." Kwetu tungesema: ni heshima kubwa kwangu kuwa hapa. Maana hii haina habari ya tajiri wala maskini, na unaweza kuitumia kwenye harusi au kwenye mahafali bila wasiwasi.

Ya pili ni ruhusa inayoweza kuondolewa. Walioko Marekani wameiona kwenye vitabu vya udereva vya baadhi ya majimbo: kuendesha gari ni "privilege", si "right". Yaani umeruhusiwa, na ukivuruga utanyang'anywa. Wazazi wa huko nao huitumia kwa watoto, "phone privileges", kwa maana ya ruhusa ya kushika simu. Hapa "privilege" inasimama kinyume cha haki.

Ya tatu ni ya sheria na Bunge. Siri kati ya wakili na mteja wake inalindwa na "privilege", kwa hiyo wakili hawezi kulazimishwa kuitoa. Na wabunge wana "privileges" zao. Tanzania tuna Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, na hiyo "haki" ya mwanzo kwa Kiingereza ni "privileges". Ajabu, si ndiyo? Kwenye maana ya pili tumesema privilege si haki, na kwenye maana ya tatu Kiswahili chetu kinaiita haki.

Ya nne ndiyo iliyonikuta jikoni: nafuu anayokuwa nayo mtu kwa sababu ya alikozaliwa, rangi yake, jinsia yake, pasipoti yake au mfuko wa wazazi wake. Katika maana hii neno kwa kawaida halichukui "a" mbele yake. Tunasema "She grew up with privilege." Kivumishi ni "privileged".

Angalieni hapo kwenye kivumishi, hasa mnaoandika maombi ya chuo. "I was privileged to volunteer at a clinic" ni sawa kabisa, maana yake nilipata heshima ya kujitolea. Lakini ukiandika "I am privileged" ukaweka nukta, msomaji ataelewa kwamba unatoka kwenye nyumba ya wenye nacho. Kama ulitaka kusema unashukuru, andika "grateful". Na tahajia yake haina "d" katikati. Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe kwa miaka mingi.

Kinyume chake ni "underprivileged", lakini neno hilo limeanza kunuka kidogo, lina harufu ya kuombea watu misaada. Shule za Uingereza zinatumia "disadvantaged". Mkiliona kwenye barua ya shule msilione tusi. Ni neno la kiofisi, na wengi wanaohesabiwa humo ni watoto waliowahi kustahili chakula cha bure cha shule wakati wowote katika miaka sita iliyopita. Tangu 2011 shule inapata fedha za ziada kwa ajili yao, zinaitwa "pupil premium". Kuna wazazi wetu wasiojaza fomu kwa kuona haya. Jazeni. Mtoto wako akikosa kuhesabiwa, shule inakosa fedha za kumsaidia.

Kwa Kiswahili tuseme nini?

Kamusi nyingi zitakupa "upendeleo". Mimi naliona linapotosha. Upendeleo lazima uwe na mpendeleaji: mwalimu anampendelea mwanafunzi, mjomba anampa kazi mpwa wake. Ukimwambia bibi yako "ulikuwa na upendeleo", atadhani unamshtaki. Privilege ya maana ya nne inaweza kuwepo bila mtu yeyote kukupendelea kwa kusudi.

"Bahati" nayo haitoshi. Bahati inadondoka tu. Ukishasema ni bahati, hakuna tena haja ya kuuliza nani alilipia. "Fursa" ni mlango ulioonyeshwa ukaamua kuingia. Privilege ni mlango uliokuwa wazi tangu asubuhi, hukujua hata kama pana mlango.

Vijana wa Dar wana "kishua", na Nairobi wana "mababi". Ni maneno matamu, lakini yanasema pesa tu, na daima yanamhusu mtu mwingine. Sikumbuki kumsikia mtu akijiita kishua bila kutania. Vivyo hivyo na maneno ya Azimio la Arusha la 1967: ubepari, ukabaila, unyonyaji, bwanyenye. Kizazi changu tuliyakariri shuleni. Bwanyenye tuliyemwona kwenye michoro alikuwa na tumbo kubwa na sigara nene. Baba yangu alikuwa karani bandarini, mwembamba, na kwenda kazini alipanda baiskeli. Nani angefikiri neno lile linaweza kuja kugonga mlango wetu?

Iliyo karibu zaidi na privilege, naona, ni "nafuu". Huwa tunasema fulani ana nafuu, hata kama si tajiri. Kwa hiyo katika safu hii nitaiita nafuu ya kuzaliwa nayo. Na maelezo yake mafupi kuliko yote wazee walikwisha kuyatoa: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali haisemi mwenye shibe ni mtu mbaya. Inasema hajui tu.

Neno linapochoma

Hata hivyo, neno hili limegeuzwa fimbo na watu wengi. "Check your privilege" lilianza kama ushauri wa kujitazama, siku hizi mara nyingi maana yake ni nyamaza. Mwezi Juni 2021 kamati ya elimu ya Bunge la Uingereza ilitoa ripoti kuhusu watoto weupe wa familia za kipato cha chini wanaoachwa nyuma shuleni, na ikatahadharisha shule kuhusu kutumia "white privilege". Wengi waliipinga. Mimi nawaelewa wote. Mtoto ambaye babu yake alifukuzwa kazi mgodini, ambaye nyumba yao ni baridi, ukimwambia ana privilege atakuona unamdhihaki. Na bado ni kweli kwamba hakuna atakayemfuata nyuma dukani kwa sababu ya rangi yake. Yote mawili ni kweli kwa mtoto mmoja.

Mambo haya hukutana mwilini mwa mtu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee hapa Birmingham. Nina miaka 45. Kuna binti wa mzee mmoja, mdogo kwangu kwa umri, akija kumtazama baba yake huuliza, "Has the girl given him his tea?" Msichana ni mimi. Jina langu liko kifuani, limeandikwa kwa herufi kubwa. Nilikuwa narudi nyumbani na jambo hilo limenikaa kooni, nalalamika mpaka usiku. Siku zote hizo halikunipitia akilini kwamba na mimi niliwahi kuwa na msichana wangu asiye na jina.

Tena sisi tulimwita Dada, neno la heshima. Kiingereza kinasema "the girl", na ubaya wake unausikia mara moja. Kiswahili chetu kina adabu, kikamvisha neno la undugu, na undugu ule ulikomea kwenye neno.

Wasomaji wetu wa Maskati, Dubai na Jeddah, mtaniwia radhi. Najua wengine wenu mna dada nyumbani hivi sasa, na wengine wenu ndio makadama wenyewe, mnasoma haya usiku baada ya vyombo. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 wa wafanyakazi wa majumbani, na kifungu chake cha 4 kinataka kazi isimnyime mfanyakazi mwenye umri chini ya miaka 18 elimu yake ya lazima. Aliyeuandika, nadhani, alikuwa anamjua mtu kama Dada.

Simu mbili

Usiku ule nilimpigia mama yangu Tanga. Mama ni mwalimu mstaafu. Amefundisha darasa la nne miaka mingi, na kwa sifa njema.

"Mama, yule Dada wa Lushoto, jina lake nani?"

"Una nini leo? Yule mtoto tulimlea vizuri. Alikuwa kama mwanetu."

"Mbona hakusoma?"

Mama akanyamaza. Kisha akasema mvua inaanza, aanue nguo, tutaongea.

Sikumlaumu. Miaka ile ya tisini wazazi walidaiwa ada na michango. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001, Dada akiwa keshaolewa. Yeye aliachia darasa la tatu. Kila mwisho wa mwezi baba yake alishuka kutoka Lushoto kuchukua mshahara wake, akamsalimia binti yake mlangoni, akapanda tena basi. Mama alikuwa anafundisha, kuna mtoto mchanga nyumbani, lazima mtu ashinde naye. Mwalimu aliweza kwenda kufundisha watoto arobaini kwa sababu mtoto mmoja hakwenda shule. Nimeiandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili. Naiacha.

Siku ya nne Mama alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa amekwenda sokoni kumtafuta mdogo wake Dada anayeuza mboga. Akanipa jina kamili, la kwake na la baba yake, na namba ya simu. Mwishoni akasema, kwa sauti ya chini, "Mwambie namsalimu." Jina lenyewe sitaliandika hapa, sina ruhusa yake.

Namba ilikaa kwenye mlango wa friji siku sita. Nilijiambia nasubiri siku ya mapumziko. Nilipopiga, ikapokelewa na sauti ya mtu mzima, nyuma yake kuku.

"Ni mimi," nikasema, "mtoto wa Mwalimu, wa Tanga."

Akacheka, akapiga kelele ya furaha. Halafu akasema, "Shikamoo, dada."

Wasomaji, yule ana miaka 47. Kanizidi miaka miwili. Mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia, toka siku ile ya kwanza alipoingia kwetu na mfuko wake wa nguo. Nikamwambia, "Hapana, shikamoo ni yangu. Shikamoo, dada." Akanyamaza kidogo, akaitikia, "Marahaba."

Tukaongea dakika ishirini. Ana watoto wanne, wa mwisho yuko kidato cha pili. Aliniuliza kama bado silali bila taa. Nilimwomba msamaha, akasema, "Wa nini? Ulikuwa mtoto." Nikamwambia na yeye alikuwa mtoto. Akasema, "Hilo kweli," kisha akaulizia afya ya Mama. Hakuniomba kitu. Nimempa namba yangu, na Ijumaa tunaongea tena. Zaidi ya hapo sijui, na sitaki kuwadanganya kwamba simu moja imelipa deni.

Ya kufanya nyumbani

Binti yangu alitoa hotuba yake. Alimtaja mtu aliyenipigia pasi, kisha akaeleza kwamba yeye mwenyewe amevaa sare inayotoka kwenye mashine, na hajui nani aliishona. Akapata "Merit". Alitaka "Distinction", amenuna wiki nzima.

Mkiwa mezani wiki hii, jaribuni hili. Kila mmoja, kuanzia mzazi, ataje kitu kimoja alichokuwa nacho akiwa na miaka kumi na moja, halafu amtaje aliyekifanya kiwezekane, kwa jina. Mzazi aanze, tafadhali. Neno hili likianza kwa kumnyooshea mwingine kidole huwa ni ugomvi tu. Majina mtakayokwama kwayo, yaandikeni, kisha mpigieni bibi simu wangali hai wanaoyakumbuka.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitawaletea lile neno nililokuwa nimeliandaa: "fair". Watoto wenu wanalisema mara kumi kwa siku. Niandikieni mnalitafsiri vipi huko mliko. Wasalaam.